Bayasi Inafuata Joto la Nani?



Amplifaya ikirudi mezani mara ya pili na transista za mwisho zimeungua tena, lawama humwendea muuza vipuri. Transista bandia zipo kweli, na 2SC5200 imeigwa mno. Lakini kabla hatujagombana na mwenye duka, tuikague bayasi.

Transista ikipata moto, volteji ya besi na emita hushuka takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Na milivolti 60 tu zikizidi, mkondo hupanda mara 10. Kwa hiyo joto likiongezeka nyuzi 30 na bayasi isisogee, umekwisha kuipa transista hizo milivolti 60. Mkondo unaleta joto, joto linaleta mkondo, mwisho wake mnaujua.

Breki ya kwanza ni risista ya emita. Mwaka 1971 Bernard Oliver wa Hewlett-Packard alionyesha kuwa katika daraja AB upotoshaji hupungua zaidi pale kila risista inapobeba milivolti 26 hivi. Kwa omu 0.22 hizo ni miliampea 118. Nimepiga hesabu ya zile milivolti 60 za ziada: mkondo unakwenda karibu miliampea 285 badala ya mara 10. Si haba. Lakini kwa volti 50 chanya na 50 hasi, jozi moja imetoka wati 12 hadi 28, na muziki haujapigwa.

Ndiyo maana tunafunga transista ya bayasi, mara nyingi BD139, kwenye hitisinki, ili bayasi ishuke joto likipanda. Hapo ndipo kosa linapojificha. Silikoni hupata moto kwa sekunde. Hitisinki nene huchukua dakika kadhaa, na katikati kuna maika na pesti. BD139 iliyofungwa pembeni hupata habari ikiwa imechelewa na imepungua. Hitisinki kubwa zaidi haitibu ucheleweshaji huo, ingawa wengi wetu tunaiamini kama dawa ya kila kitu. Ifungeni BD139 juu ya mwili wa transista ya mwisho yenyewe. Transista za mwisho za NJL3281D na NJL1302D zimekwenda mbali zaidi: daiodi ya kupima joto imo humohumo ndani, ndiyo sababu zina miguu mitano.

Risista ya kurekebishia nayo iwekwe upande wa besi na emita wa BD139. Ikikatika hapo, bayasi hushuka na sauti hukwaruza tu. Ikiwa upande wa kolekta na besi, ikikatika transista zote zinakwenda.

Naomba basi tusimkabidhi mteja amplifaya tuliyoipima ikiwa baridi. Ipigeni kwa nguvu mpaka ishike moto, zimeni muziki, kisha wekeni mita kwenye risista ya emita na msubiri namba irudi chini. Isiporudi, amplifaya hiyo bado haijapona.