Aflatoksini: Kuvu Isiyo na Sumu Yaweza Kuokoa Mahindi

Mazungumzo yaliyoandaliwa kwa mabaraza ya wakulima wa mahindi, Makueni, kabla ya msimu wa mvua fupi



Watu wa Makueni hawahitaji kuambiwa aflatoksini ni nini. Kati ya Januari na Juni 2004 watu 317 waliugua huku Makueni, Kitui na maeneo jirani, na 125 kati yao wakafariki kwa kuharibika ini. Wengi walikuwa wamekula mahindi ya shamba lao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Katika sampuli 350 za mahindi zilizochukuliwa sokoni wakati huo, asilimia 7 zilikuwa na zaidi ya sehemu 1,000 za sumu kwa kila sehemu bilioni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni sehemu 10.

Lisiloelezwa mara nyingi ni kwa nini sumu ilikuwa kali kiasi hicho. Kuvu inayoitoa, Aspergillus flavus, huishi katika udongo wa shamba na kuna aina nyingi zake. Watafiti walipochunguza mahindi ya 2004 walikuta yametawaliwa na aina inayoitwa S, ambayo hutoa sumu nyingi kuliko ndugu zake. Kwa macho tu, shambani, huwezi kujua kama kuvu iliyo kwenye gunzi ina sumu au haina.

Tofauti imo ndani kabisa. Binadamu ana kromosomu 46. Kuvu hii ina 8. Kwenye kromosomu ya tatu, karibu na ncha, kuna jeni zaidi ya 20 zilizopangana pamoja kama mafundi wa karakana moja: huyu huanza, yule hupokea, mpaka sumu ikamilike. Sasa, ncha za kromosomu hukatika na kubadilika kwa urahisi kuliko sehemu za katikati. Ziko kuvu zilizopoteza kipande chote chenye jeni hizo. Nyingine zimepoteza sehemu tu, na nyingine zina hitilafu ndogo katika jeni moja, nayo yatosha, maana fundi mmoja asipofika kazi hukwama. Kuvu hizo huishi vizuri na kula mahindi kama kawaida. Aflatoksini tu ndiyo haziwezi kutengeneza.

Aflasafe KE01 imetokana na ujuzi huo. Ina aina nne za kuvu zisizo na sumu, zote zilizopatikana hapa hapa Kenya, na hutengenezwa KALRO Katumani, Machakos. Ukifungua mfuko utaona punje za mtama zenye rangi ya buluu. Mtama huo umeuawa kwa moto ili usiote, kisha ukapakwa kuvu. Hunyunyizwa kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, udongo ukiwa na unyevu, wiki 2 au 3 kabla mahindi hayajatoa maua. Kuvu isiyo na sumu hutangulia na kuenea. Yenye sumu ikija hukuta viti vimekaliwa. Anayengoja mpaka mavuno amechelewa, kwa sababu hii si dawa ya ghalani.

Swali huulizwa, na ni la busara: kumwaga kuvu shambani si kuongeza tatizo? Kuvu tayari imo udongoni, mtu anyunyize asinyunyize. Kinachobadilika ni ipi iliyo nyingi.

Kazi ya kukausha inabaki palepale. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5, ndipo yatiwe guniani na gunia liwekwe juu ya mbao. Kuchemsha hakuondoi sumu hii, hata githeri ikikaa jikoni tangu asubuhi. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi hupunguza sumu, kwa kuwa nyingi hukaa kwenye ganda na kiini, lakini gunia lililooza halifanywi chakula kwa kukobolewa.

Na lisipelekwe zizini pia. Ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sehemu ya sumu hutoka katika maziwa, na maziwa hunywewa zaidi na watoto.