Mtoto Aliyemaliza Kwanza Apewe Nini?

(Maneno ya Katibu Mwenezi wa tawi katika mkutano wa wanachama na wazazi)



Mmeniita niseme juu ya shule yetu, na najua wengi mwangoja habari za madawati. Madawati tutayasema siku nyingine. Leo nataka kumsema mtoto ambaye hakuna anayemlilia, kwa sababu hafeli. Ni yule anayemaliza kazi kabla ya wenziwe.

Nilipokuwa chuo cha ualimu nilipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, darasa la nne, watoto 86. Alikuwamo mvulana mmoja. Naandika hesabu kumi ubaoni. Kabla sijafika ya nane, yeye amemaliza ya saba na ananingoja. Nikafanya nini? Nikampa hesabu kumi nyingine za namna ile ile. Akamaliza. Nikampa nyingine. Siku ya tatu nikachoka, nikamtuma kufuta ubao, kisha kuleta chaki, kisha kuchota maji ya ofisi. Juma la pili, ndugu zangu, kijana akawa anamaliza pamoja na wenziwe, nami nikafurahi nikidhani darasa limetulia. Siku moja nikamtazama vizuri. Hesabu tatu za kwanza alizipiga upesi, halafu akachonga penseli mpaka wengine wakamfikia. Alikwisha kujifunza kwamba malipo ya upesi ni kuongezewa mzigo. Na aliyemfundisha somo hilo ni mimi.

Najua wako watakaosema: chama chetu chataka usawa, mbona wewe wataka kuwainua walio juu tayari, na nyuma wapo wasiojua kusoma? Hoja hiyo ni nzito, wala sitaki kuipita mbio. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, aliikosoa elimu iliyochagua wachache na kuwatenga na wenzao, akataka elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, siyo ngazi tu ya kwendea sekondari. Nakubaliana naye. Lakini tutazame mambo yalivyo. Mwenye fedha, mwanawe akichoshwa na darasa, jioni humlipia tuisheni, humnunulia vitabu, au humhamishia shule ya kulipia. Mtoto wa mkulima hana jioni hiyo. Jioni ana mbuzi. Binti ana ndoo. Alicho nacho ni saa zile za darasani tu. Tukisema kwa ajili ya usawa asipewe swali la kumtosha, usawa hatukuuleta. Tumewaachia wenye fedha peke yao haki ya kufikiri.

Serikali inazo shule za sekondari za vipaji maalumu, kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Tabora. Ni jambo jema. Lakini huko mtoto huingia baada ya mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Yule mchonga penseli wa darasa la nne, nani atamwona mapema?

Wala siombi darasa la wateule, wala mtoto kurushwa darasa akakae na wakubwa wanaomcheka. Naomba swali lenye kina katika somo lile lile wanalosoma wote. Chukueni hesabu za eneo. Wote watafute eneo la mstatili. Aliyemaliza aambiwe: una kamba ya mita 24, fanya zizi la mbuzi wengi iwezekanavyo. Atajaribu 11 kwa 1, apate 11. Atajaribu 8 kwa 4, apate 32. Atafika 6 kwa 6, apate 36, na atadhani amemaliza. Hapo mwulize: je, kama upande mmoja ni ukuta wa nyumba, nao hautaki kamba? Mwacheni ahangaike. Jawabu ni 12 kwa 6, yaani 72, maradufu ya lile la kwanza, na kamba ni ile ile. Niliwahi kumpa mzee mmoja fundi swali hili, akachora chini kwa kijiti mpaka chai ikapoa.

Kiswahili nacho kina mafumbo yake. Kwa nini twasema kiboko kimekatika, lakini yule wa mtoni twasema kiboko amezama? Mtoto wa darasa la tano akikusanya mwenyewe mifano, kifaru, chura, kipepeo, ataigundua kanuni kabla hajaambiwa. Katika historia, awaulize wazee wawili habari ya soko la zamani, na wakipingana, aseme amsadiki nani na kwa nini.

Ya jiografia na sayansi yataka fimbo moja tu. Isimikwe uwanjani, na kila juma kivuli cha adhuhuri kitiwe alama. Katika nchi yetu, mwezi wa Juni kivuli hicho huangukia kusini. Desemba huangukia kaskazini. Watoto wote wataona. Wachache watauliza ni siku gani kilivuka. Hao ndio ninaowatafuta, nao si lazima wawe wale wa kwanza katika mtihani. Pengine ni binti asiyesema kitu darasani kwa kuwa Kiswahili alikikuta shuleni.

Nanyi mwajua habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu, alikuwa akitengeneza aiskrimu, akaona maziwa yake aliyoyatia yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale ya mwenzake yasiyochemshwa. Alipouliza, alichekwa. Baadaye akalirudia swali mbele ya Profesa Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, naye akaenda kulipima, na mwaka 1969 wakatoa makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana juu ya jambo hilo. Mpemba alikuwa tayari sekondari, aliweza kustahimili kicheko. Mtoto wa miaka tisa akichekwa mara moja haulizi tena.

Walimu mliomo humu msidhani nawalaumu. Tangu ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001 watoto wamejaa, na hilo tulilitaka wenyewe. Mwenye watoto 86 hawezi kutunga maswali ya namna hii kila usiku baada ya kusahihisha madaftari yote. Ndiyo maana nimelileta hapa. Tawi linao mafundi, wauguzi, karani wa ushirika, mama wapimaji wa vitambaa. Kila mmoja ana swali la kazi yake ambalo mtoto wa darasa la tano angeliweza kuhangaika nalo. Niandikieni, hata kwenye karatasi ya sukari. Nitayanakili na kuyapeleka kwa Mwalimu Mkuu, aliyekwisha kunikubalia.

Na Jumamosi saa mbili asubuhi twakwenda kuisimika ile fimbo. Mwenye jembe aje nalo.