Nyumba Imekwisha Nadiwa: Aliyemo Ahame Lini?



Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, nyumba zilizowekwa rehani katika jimbo la Texas, nchini Marekani, hunadiwa hadharani. Mnunuzi hulipa, akaandikiwa hati, akaenda zake. Wakati huo huo mwenye nyumba aliyeshindwa kulipa deni la benki huenda amekaa sebuleni na watoto wake, asijue kama usiku huo watalala humo au barabarani. Swali lake ni moja tu: ahame lini?

Yafaa swali hilo lijibiwe waziwazi, kwa kuwa hofu imekwisha wahamisha wengi kabla sheria haijawahamisha. Mnada humwondolea mtu umiliki. Haumtoi mtu mwenyewe nyumbani. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kati yake pana ilani, pana hakimu, na mwisho kabisa pana sherifu, yaani ofisa mwenye mamlaka ya kutekeleza amri za mahakama. Katika majimbo mengi, mnunuzi anayebadili kufuli usiku au kukata maji na umeme ili kumfukuza aliyemo huvunja sheria, hata kama hati anayo mkononi.

Kuhusu muda wenyewe, hapana jibu moja, maana Marekani ina majimbo 50 na kila moja lina sheria zake. Huko Texas mnunuzi hutoa ilani ya maandishi, kwa kawaida ya siku 3, na aliyemo asipohama hushtakiwa katika mahakama ndogo. Kuikomboa nyumba baada ya mnada wa benki hakuna. California nayo ina ilani ya siku 3, lakini msomaji asidhani kwamba siku ya nne mtu hutupwa nje. Siku hizo zikipita ndipo mnunuzi anapopata haki ya kufungua kesi. Tangu Januari 1, 2025, mshtakiwa hupewa siku 10 za mahakama kuijibu, badala ya 5 za hapo awali. Na akishindwa, sherifu hubandika mlangoni ilani nyingine ya siku 5. Kwa hiyo siku 3 za karatasini huweza kuwa majuma mengi.

Michigan ni kinyume kabisa. Huko, baada ya mnada, mwenye nyumba kwa kawaida hupewa miezi 6 ya kuikomboa kwa kulipa bei ya mnada pamoja na riba na gharama, na muda huo anaweza kuendelea kukaa humo, mradi asiiharibu. Mtu anayefungasha vyombo vyake jioni ya siku ya mnada katika jimbo hilo ameitupa nusu ya mwaka ya makazi, nafasi ambayo angeweza kuitumia kuweka akiba ya kodi ya mahali pengine. Hakuna benki itakayomwandikia kumshukuru.

Wapo pia wasiokuwa na deni lolote, nao ni wapangaji. Katika msukosuko wa mikopo ya nyumba ulioanza 2007, familia nyingi zilizokuwa zikilipa kodi kila mwezi bila kukosa zilishtukia zinafukuzwa kwa sababu mwenye nyumba hakuilipa benki. Oktoba 2008, Tom Dart, sherifu wa Cook County, ambamo mna jiji la Chicago, alikataa kuwapeleka maofisa wake kutekeleza amri za namna hiyo. Wenye mabenki walilalamika. Lakini Mei 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayompa mpangaji halali ilani isiyopungua siku 90, na mara nyingi haki ya kumaliza mkataba wake. Sheria hiyo ilikoma mwishoni mwa 2014, ikarudishwa mwaka 2018, safari hii bila kikomo.

Lipo jambo jingine linaloweza kumshangaza mgeni. Mara nyingi benki iliyoinunua nyumba humlipa aliyemo ili atoke kwa hiari ifikapo tarehe fulani, aache nyumba safi na kukabidhi funguo. Huo si ukarimu. Ni hesabu, kwani kesi ina gharama na nyumba yenye mtu ndani haiuziki upesi. Mapatano hayo yafaa yaandikwe na kutiwa sahihi kabla ya sanduku la kwanza kutoka nje. Kadhalika, si busara kumngoja sherifu kwa ukaidi mtupu: hukumu ya kufukuzwa ikiingia katika kumbukumbu za mahakama, wenye nyumba za kupangisha huiona, na wengi wao hukataa maombi ya mtu huyo.

Tena, bei ya mnada ikizidi deni na gharama, na wadai wengine wenye dai juu ya nyumba hiyo wakiisha lipwa, fedha inayobaki ni mali ya yule aliyenadiwa. Naye aliyekimbia kwa fedheha bila kuacha anwani huenda asijue kamwe, kwa kuwa barua ya kumjulisha huweza kupelekwa kwenye mlango ule ule alioufunga akaondoka.