Tetemeko Lisilo na Tarehe: Mhadhara wa Umma, Bukoba



Tangu tetemeko la Jumamosi ile ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, watu wa Kagera wamekuwa wakiniuliza swali lilelile: jingine litakuja lini? Nimeulizwa msibani, sokoni, hata mlangoni mwa kanisa. Jibu la sayansi ni fupi. Hakuna mtu, hapa wala Japani, anayeweza kuitaja siku. Anayewatumia ujumbe wa simu kwamba leo usiku ardhi itatikisika anawadanganya, na nawasihi msiusambaze, maana kuna mama atakayeamka na watoto wachanga na kulala nao kwenye umande kwa sababu ya ujumbe huo.

Swali ninalotaka tulizungumze jioni hii ni gumu zaidi. Tutaishije na jambo linaloweza kutokea kesho, na linaloweza pia kuwapita watoto wetu wote wasilione?

Kwanza tuone chanzo chake. Tawi la magharibi la Bonde la Ufa limepita kwenye maziwa ya Albert, Edward, Kivu, Tanganyika na Rukwa, likashuka hadi Nyasa. Pande mbili za bara zinaachana milimita chache tu kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyoota. Miamba hung'ang'aniana kwa miaka mingi, kisha siku moja hushindwa, ikateleza. Tetemeko letu la 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilianzia kina cha kilomita zipatazo 40, likaua watu wasiopungua 17 na kujeruhi mamia. Kwa historia ya ukanda huu halikuwa kubwa. Lile la Rukwa la tarehe 13 Desemba 1910 lilifikia 7.4; nguvu iliyotoka siku ile ilizidi ya kwetu zaidi ya mara 150. Machi 1966, kule Toro nchini Uganda, walikufa watu zaidi ya 150. Desemba 2005 Ziwa Tanganyika likatikisika, na nyumba za Kalemie, upande wa Kongo, zikaanguka.

Itazameni miaka hiyo. Kati ya pigo na pigo mtu huzaliwa, huoa, hujenga, huzeeka. Hapo ndipo shida yetu ilipo. Wiki zile za kwanza tulilala nje chini ya maturubai, na kila mtu aliyekuwa na mfuko wa saruji aliulizia nondo. Baada ya miaka michache hofu ikaisha, kama inavyopaswa kuisha, kwa kuwa binadamu hawezi kulima, kusomesha na kuuguza huku akisikilizia ardhi. Siwalaumu waliosahau. Nasema tu kwamba kinga inayotegemea hofu itakuwa imeondoka siku itakapohitajika. Yafaa ikae mahali pasipohitaji kukumbukwa, na mahali hapo ni mkononi mwa fundi.

Baada ya tetemeko nilipita kwenye nyumba nyingi, na naomba niwaeleze ukuta mmoja, kwa sababu unawakilisha kuta nyingi. Kwa nje ulikuwa na lipu safi na rangi ya samawati. Jirani yeyote angesema hii ni nyumba ya kudumu. Lipu ilipobanduka, ndani mlikuwa na matofali ya kuchoma yaliyojengewa udongo mtupu. Kona ilikuwa imefunguka kutoka juu hadi chini, upana wa kupitisha mkono. Matofali ya ukuta mmoja hayakuwa yameingiliana na ya ukuta wa pili. Zilikuwa kuta mbili zilizosimama karibu karibu. Juu ya dirisha palikuwa na linta fupi, ikaishia hapo hapo. Sehemu ya pembetatu chini ya paa ilikuwa imeangukia chumbani, juu ya kitanda. Mabati yalibaki juu, mazima.

Nyumba ile ilikosa mkanda: zege lenye nondo linalozunguka kuta zote, juu ya milango na madirisha, bila kukatika popote, ili kuta zitikisike pamoja. Kila fundi aliyeketi hapa anaujua. Mbona basi hauwekwi? Kwa sababu tunajenga kidogo kidogo. Mwaka huu msingi, mwaka kesho kuta, na familia inapofika usawa wa linta fedha zimekwisha na masika yanakaribia. Baba anachagua mabati. Ningekuwa yeye, mvua ikiwanyeshea watoto, ningechagua mabati vilevile.

Wazee watanikumbusha nyumba ya msonge ya Wahaya: miti na nyasi, nyepesi, viungo vyake vimefungwa kwa kamba. Nyumba ya namna ile huyumba, kisha hurudi. Siwaambii turudi kwenye nyasi. Hata hivyo, tulipohamia kwenye tofali tuliuchukua uzito wake, na kile kinachofunga kuta pamoja hatukukichukua.

Kuhusu dakika yenyewe ya mtikisiko nitasema machache. Katika jengo imara la ghorofa, usikimbilie ngazi. Ingia chini ya meza nzito, ushikilie mguu wake. Katika nyumba ya udongo ya chumba kimoja, mlango ukiwa hatua mbili tatu, toka haraka na usisimame kando ya ukuta. Yapo mafunzo mengi yanayonakili ushauri wa nchi zenye nyumba tofauti na zetu, na nadhani yanaweza kutudhuru.

Ombi langu kwa viongozi linahusu fedha. Misaada ya ujenzi, mikopo ya vikundi, hata michango ya ukoo, iwekwe makusudi kwenye hatua ya mkanda: nondo nne, ringi zake, saruji na siku za fundi. Fundi aliyejifunza kwa kushika mwiko kando ya fundi mwenzake apewe mafunzo mafupi hapo hapo kijijini, kwenye jengo linaloendelea, naye alipwe siku hizo, kwa kuwa ana familia ya kulisha.

Tuanze na madarasa ya shule za msingi. Mwaka 2016 hata shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, lakini siku ilikuwa Jumamosi. Wahandisi wa halmashauri wapite shule kwa shule, wabandue lipu kwenye kona moja ya kila darasa, waangalie kilichoko ndani, kisha wabandike walichokiona kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, ili wazazi wasome.