Somo la Leo: Kisanduku Kitupu

Mabibi na mabwana wa darasa la watu wazima, Chake Chake, fungueni madaftari, tusome pamoja.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, mtu alipewa orodha, akachagua. Orodha humwongoza mtu, lakini haimpi nafasi ya kusema jambo lisilokuwamo.

Ziko mashine nyingine ambazo mtu huziandikia apendavyo. Si jambo la jana. Mwaka 1966, huko Marekani, Bwana Joseph Weizenbaum alitangaza programu yake iitwayo ELIZA. Ilichukua maneno ya mtu ikamrudishia kama swali, wala haikufahamu kitu. Mwaka 2022 ikatoka ChatGPT, ijibuyo mambo mengi zaidi.

Mashine hizi huonyesha kisanduku kitupu. Taabu yake ni hii: mtu hukitazama asijue aandike nini. Kwa hiyo fundi akitengenezaye ana kazi tatu.

Kwanza, aweke mifano ya maswali, nayo iwe ya mambo ya mahali petu, kama vile karafuu na uvuvi.

Pili, kisanduku kikue kadiri mtu aandikavyo. Kikiwa chembamba, mtu hukata maneno.

Tatu, kisimkatae aliyekosea herufi, wala aliyeandika Kipemba. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na Kamati ya Lugha ilianza kazi mwaka 1930. Mashine hujifunza kwa maandishi, na mengi ni ya sanifu. Neno isilolifahamu na iliulize, isilibahatishe.

Nanyi mnayo kazi yenu. Ukiandika "Karafuu" tu, utajibiwa habari za karafuu za dunia nzima. Andika hivi: "Karafuu zangu zimeanikwa siku mbili, leo zimenyeshewa. Nifanyeje zisivunde?" Sasa umesema una nini, kumetokea nini, na wataka nini.

Lakini angalieni! Mashine yaweza kukosea, tena kwa maneno matamu. Mtoto akiwa mgonjwa sana, mpelekeni hospitali kwanza. Na namba yenu ya siri ya fedha msiiandike humo kamwe.

Zoezi: Andika swali moja la kazi yako kwa sentensi tatu. Msomee jirani yako. Akikuuliza, "Una maana gani?", liandike tena.

Kwaherini mpaka somo lijalo.