Mbweha Bustanini



Katika parokia yetu ya nyanda za juu, watoto wa jirani walifuga sungura na simbilisi katika bustani ya nyumba ya mapadre. Jioni moja mmoja wao, mwenye umri wa miaka minane, alitujia akasema, "Baba, usiku mbweha alikuja. Nimeona nyayo zake, tena ameanza kuchimba kando ya banda." Tulimjibu, "Kesho, mwanangu, tutaangalia." Siku ya pili alirudi na neno lilelile, nasi, kwa sababu ya mikutano, tukampa jibu lilelile. Asubuhi ya tatu tulikuta shimo chini ya wavu, na manyoya. Simbilisi wote watano hawakuwapo. Mtoto hakulia. Alituuliza tu, "Baba, si nilikuambia?"

Baadhi ya waamini walishauri tutege nyama yenye sumu. Tulikataa. Mbweha ni kiumbe cha Mungu. Hula panya na panzi wa mashambani, na usiku ule alitafuta riziki yake kama alivyoumbwa. Tena sumu haichagui: humwua mbwa wa jirani, na tai alaye mzoga. Kosa halikuwa la mbweha. Tuliinua banda juu ya miguu, tukalitilia sakafu ya mbao. Kazi hiyo haikutimiza hata nusu siku.

Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anamwita Herode mbweha; na punde baadaye anajifananisha na kuku atakaye kuwakusanya vifaranga wake chini ya mabawa. Kuku hana meno ya kumshinda mbweha. Alicho nacho ni kuwapo, na mwili wake kati ya vifaranga na hatari. Sisi tulikuwa na nguvu kumzidi kuku, lakini hatukuwapo.

Ndugu wapendwa, mara ngapi mtoto hutuambia, "Mama, sitaki kubaki na yule mtu," nasi tukamjibu, "Kesho"? Usiku wa tatu haungoji mikutano yetu. Basi leo, kabla ya kulala, tumwite mtoto ambaye neno lake tuliliahirisha. Tuketi naye, tumsikilize hata mwisho.

Bwana atujalie masikio ya kusikia mapema. Amina.