MTOTO ANAYERUDIA KUUGUA KIFUA
Mazungumzo na wazazi wa Mantapala



Leo tuzungumze juu ya mtoto mchanga ambaye kifua chake hakiponi. Anapewa dawa, anapata nafuu, na baada ya wiki chache anakohoa tena. Wengi wetu humpeleka kliniki kila mara kana kwamba ni ugonjwa mpya. Nesi wa leo huenda siye yule wa mwezi uliopita. Usipomwambia kwamba hii ni mara ya nne, ataandika nimonia, atakupa amoksilini, nawe utarudi nyumbani. Kwa hiyo beba kadi ya mtoto na utaje hesabu: ameugua mara ngapi, alilazwa lini, alikunywa dawa gani.

Nimonia inayorudi ina chanzo chake. Kwetu huku vyanzo vya kawaida ni moshi, utapiamlo, kifua kikuu, virusi vya UKIMWI na selimundu, ule tunaouita SS. Hivyo vichunguzwe kwanza. Lakini upo ugonjwa mwingine, wa nadra, unaoitwa sistiki faibrosisi. Ute wa mapafuni unakuwa mzito kama gundi na vijidudu vinakaa humo. Tumbo nalo linashindwa kusaga mafuta. Hapa mama anaweza kutangulia kuona kabla ya daktari: ukimbusu mtoto, ngozi ina chumvi kupita kawaida, choo ni kingi, kina mafuta na kinanuka sana, ananyonya kwa pupa lakini uzito haupandi. Mambo hayo yaseme, hata kama hukuulizwa.

Ugonjwa huu mtoto anaurithi kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Kwa wazazi kama hao, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na ugonjwa. Basi tusimshitaki nyanya wala jirani kwa uchawi. Kumkata mtoto kimio au kumchanja chale kifuani hakuondoi ute, kunamwongezea vidonda.

Kipimo chake ni cha jasho, na kliniki ndogo hazina. Omba barua ya kwenda Hospitali ya St. Paul's, Kashikishi. Daktari wa huko ataamua kama apelekwe mbele zaidi.

Mnapongoja, dawa ya kifua imalizwe hata kama kikohozi kimepungua. Usimwekee mdogo wake akiba. Mtoto asikae mgongoni mwa mama anayekausha samaki kwa moshi (najua biashara ni biashara, lakini shangazi anaweza kumshika). Anayekohoa asimbebe. Aendelee kunyonya, na chanjo ya nimonia, ambayo Zambia ilianza kuitoa mwaka 2013, asiikose. Kumgongagonga mgongo ili ute utoke kunasaidia wenye ugonjwa huu, lakini nesi akuonyeshe kwanza.

Usiku, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi miaka 5, ni 40. Akibonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, akikataa kunyonya, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, usihesabu tena. Amsha jirani mwenye baiskeli, mwende usiku huohuo.